Rangi za Vinyago Vidogo: Kutoka Chokaa ya Matumbawe Hadi Rangi ya Maji

(Mhadhara uliotolewa Tongoni, Tanga, mbele ya mafundi, walimu na wazazi)

 

Nimeombwa nizungumzie rangi. Somo ni pana, kwa hiyo nitachukua upande mmoja tu: rangi ya vitu vidogo. Nina maana ya ngalawa ya kuchezea anayoielesha mtoto maji yakijaa, kinyago cha kanga au twiga kinachoenea kiganjani, jahazi la mapambo linalokaa juu ya kabati sebuleni, na zile sanamu ndogo za askari na wanyama ambazo watu wa Ulaya wamezipaka rangi vizazi na vizazi. Nina madai mawili, nayatoa mapema ili mnipime kwayo. La kwanza, kitu kikiwa kidogo huhitaji rangi bora kuliko kitu kikubwa. La pili, rangi ya leo imeishinda ya jana kwa yale yaliyotolewa ndani yake zaidi kuliko kwa yale yaliyotiwa.

Tuanze na ya hapa kwetu. Kila aliyelelewa Tongoni amepita magofuni, akauona msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 15. Kwenye baadhi ya nguzo na kuta za makaburi kuna vishimo vya duara. Humo mlikuwa na bakuli za kauri zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, nyingine za Uchina, zikapachikwa katika lipu. Karibu zote zimebanduliwa, vimebaki vishimo. Mimi nikivitazama naona uamuzi wa fundi. Watu wale walikuwa na chokaa nyeupe ya kutosha, walikuwa na wekundu wa udongo na weusi wa masizi. Hawakuwa na rangi ya kupaka ambayo ingekaa nje mwaka baada ya mwaka, ikipigwa na jua, chumvi na mvua za masika, isififie. Walipotaka rangi ya kudumu waliinunua ikiwa imekwisha chomwa ndani ya kioo. Buluu ya kauri za Uchina ni madini ya kobalti yaliyochorwa juu ya udongo, yakafunikwa kwa utando wa kioo, yakapita katika tanuri la moto unaozidi nyuzi 1,200. Rangi hiyo haichujuki, maana imekwisha kuwa kioo.

Chokaa yetu nayo ina elimu yake. Matumbawe huchomwa juu ya rundo la magogo mpaka yanakuwa unga mkali, yanatiwa maji, yanaachwa yatulie shimoni. Ukishaipaka ukutani, chokaa huvuta hewa ya ukaa iliyomo hewani na kurudi kuwa jiwe lilelile ililotoka. Kwa ukuta hakuna kitu kizuri zaidi. Kwa upande wa vyombo wazee walikuwa na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao za juu, na deheni ya chini, yaani chokaa iliyosuguliwa pamoja na mafuta. Seremala alikuwa na ngeu yake ya kupigia mstari. Haya yote yalikuwa mema kwa kazi yake. Lakini jaribu kumpaka chokaa kanga wa mbao aliye na urefu wa kidole. Brashi ya mkonge inamfunika mzima mzima. Ikikauka hujui kama ni kanga au ni yai.

Hapo ndipo lilipo dai langu la kwanza, na naomba tukae hapo kidogo kwa sababu mafundi wengi hulipita. Mkono mmoja wa rangi ya mafuta, ukikauka, huacha utando unaokaribia sehemu ya ishirini ya milimita. Paka mikono minne na una sehemu ya tano ya milimita. Kwenye ubavu wa jahazi hiyo si kitu. Kwenye kinyago kidogo, mstari wa unyoya uliokatwa kwa ncha ya kisu una upana wa kama hiyohiyo. Kwa hiyo fundi anachonga asubuhi kwa uangalifu, na jioni anaizika kazi yake mwenyewe kwa brashi. Nimeona vinyago vya namna hii vikiuzwa, umbo zuri, uso umefukiwa. Kosa halikuwa la mchongaji. Rangi yake ilikuwa nzito na isiyo na nguvu ya kufunika, akalazimika kurudia mara kwa mara mpaka mbao isionekane.

Nguvu ya kufunika inatokana na unga uliomo ndani ya rangi. Rangi yoyote ni vitu vitatu: unga unaotoa rangi, gundi inayoushika unga, na maji au mafuta mepesi yanayoufanya mchanganyiko utiririke kisha yakapotea. Unga uliosagwa kwa mawe una chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, na chembe kubwa zinaonekana kwa macho kama vijipele. Viwanda vya karne ya 20 vilileta mashine za kusaga zinazolinganisha chembe, na vikaleta unga mpya. Mkubwa kati ya unga huo mpya ni titani nyeupe, iliyoanza kuuzwa kibiashara mnamo miaka ya mwisho ya 1910. Chembe yake ina ukubwa wa takriban robo ya sehemu ya elfu moja ya milimita, na huo ndio ukubwa unaorudisha mwanga vizuri kuliko wote. Ndiyo maana leo mkono mmoja mwembamba wa nyeupe hufunika mbao nyeusi ya mpingo, jambo ambalo chokaa na nyeupe za zamani hazikuliweza ila kwa kurudia. Mwaka 1935 ikaingia sokoni buluu mpya ya kiwandani, yenye nguvu kiasi kwamba tone moja hugeuza kikombe kizima cha nyeupe. Fundi wa vitu vidogo ndiye aliyefaidika kuliko wote, maana ndiye hana nafasi ya mkono wa pili.

Sasa nije kwenye dai langu la pili, la yale yaliyotolewa: kabla ya titani, nyeupe ya heshima ilikuwa ipi? Ilikuwa nyeupe ya risasi. Nasema risasi kwa maana ya madini. Unga wake ulikuwa laini, ulishikana na mafuta vizuri, ulikauka upesi ukawa mgumu, na kwa karne nyingi wachoraji hawakuwa na bora yake. Njano kali na nyekundu ya machungwa nazo zilitengenezwa kwa risasi. Hata vikaushio vilivyotiwa kwenye rangi ya mafuta vilikuwa na risasi. Na si rangi tu. Sanamu ndogo zenyewe za askari zilimwagwa kwa madini hayo. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wenye uwazi ndani, nafuu, wakaenea duniani kote. Mtoto alipewa askari wa risasi aliyepakwa rangi ya risasi, na mtoto kama tunavyojua kila kitu hukijaribu kwa mdomo. Kampuni hiyo iliacha risasi mwaka 1966, karibu miongo saba na nusu baadaye.

Hatari haikuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, kwa ajili ya wapaka rangi waliokuwa wakiugua. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani na kwenye vitu vya watoto mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto unaokua, ikapunguza uwezo wake wa kujifunza, na kilichoharibika hapo hakirudi. Mtu mzima hupata shinikizo la damu na maradhi ya figo. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa nchi zote ni kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni. Hapa nchini shirika la AGENDA la Dar es Salaam limenunua rangi madukani na kuzipeleka maabara, zaidi ya mara moja, na zilipatikana za mafuta zilizozidi kiwango hicho. Njano na nyekundu ndizo za kuangaliwa kwanza, kwa sababu unga wa njano wa risasi ni rahisi kwa bei na unang'aa. Mwalimu anayenunua kopo la njano la kupakia vibao vya kuhesabia vya darasa la awali anahitaji kulijua hili kabla ya kulifungua.

Nikisema hivi sitaki mtu afikiri kwamba naidharau rangi ya mafuta. Sanaa inayojulikana duniani kote kwa jina la Mtanzania imezaliwa ndani ya kopo hilo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alipoondoka kwao kutafuta kazi alipita kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu wa Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora, akichukua mbao za dari zilizokatwa miraba na rangi ya mafuta ile inayopakwa baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores. Alikufa mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 40, baada ya polisi kumpiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne ya kazi, na mpaka leo vijana wanakula kwa mtindo wake.

Kwa nini rangi ile ilimfaa? Chukua kanga wake, yule ndege mwenye madoa. Ukichovya kijiti kwenye rangi ya mafuta na kugusa ubao, tone linakaa, linajitandaza lenyewe mpaka duara linakamilika, kisha linatulia likiwa limevimba kidogo katikati. Alama ya brashi inapotea. Doa la pili linakuwa sawa na la kwanza, na mia yanafuata. Rangi ya kisanii ya kutoka ng'ambo ingekuwa ghali na isingekupa duara hilo. Mng'ao nao ulikuwa bure. Huo ni ujuzi wa kuichagua rangi kwa tabia yake, na ningependa kila fundi aliye hapa auige.

Leo wafuasi wake hawachori mbao za ukutani tu. Wanapaka sahani, visanduku, vikombe vya bati na wanyama wadogo wa mbao. Na ukishuka kwenye vitu vidogo, kasoro za rangi ya mafuta zinajitokeza moja baada ya nyingine. Inachukua usiku mzima kukauka, na upepo wa jioni wa hapa ufukweni una mchanga ndani yake. Nyeupe yake hugeuka njano, hasa kinyago kikiwekwa kabatini gizani, kwa sababu mafuta yaliyomo yanaungua polepole kwa hewa na mwanga wa jua ndio huwa unayasafisha. Brashi haisafishiki bila tina, na mvuke wa tina katika chumba kidogo kisicho na dirisha humpa fundi kichwa kuuma na kizunguzungu. Vijana wanaofanya kazi hiyo siku nzima, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, wananitia wasiwasi kuliko kasoro nyingine zote nilizotaja.

Wapaka sanamu wa Ulaya walipita njia hiyohiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi walipoanza kuunga ndege na meli ndogo za plastiki, rangi yao ilitoka Hull, bandari ya Uingereza, kwa kampuni iliyoanza mwaka 1919 kama Humber Oil Company na rangi zake zikaitwa Humbrol. Vilikuwa vikopo vya mililita 14, rangi ya mafuta, unga umesagwa laini sana na mng'ao umeondolewa, maana kitu kidogo kinachong'aa hakifanani na kitu halisi kilichopunguzwa. Zilikuwa rangi nzuri. Harufu ilikuwa palepale.

Badiliko lenyewe lilitoka kwenye rangi ya maji. Mwaka 1953 kampuni ya kemikali ya Marekani, Rohm and Haas, ilitoa gundi ya akriliki inayoelea ndani ya maji, na mwaka 1955 ikaja Liquitex, rangi ya kwanza ya namna hiyo kwa wachoraji. Tazameni inavyofanya kazi. Ndani ya maji mna vijipira vidogo mno vya plastiki, havionekani. Ukipaka, maji yanaondoka, vijipira vinasogeleana, vinabanana, vinaungana kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji. Kwa hiyo rangi unayoiosha kwenye brashi kwa maji ya bomba inageuka, dakika chache baadaye, kuwa kitu kisichojali mvua. Nyeupe yake haigeuki njano kabatini. Tina haihitajiki hata tone.

Wapaka sanamu walichelewa kuikubali kwa sababu za mwanzo zilikuwa nzito. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya Uingereza, Hispania na Japani vilitengeneza akriliki nyembamba kwa ajili yao hasa. Kampuni ya Vallejo ya Hispania inazitia kwenye chupa ya kudondoshea, tone kwa tone, ili hewa isiingie na rangi isipotee bure. Mwaka 2019 kampuni ya Games Workshop ikatoa aina iitwayo Contrast, rangi angavu nyembamba inayoteremka kwenye mikato na kukaa humo nzito, huku kwenye vilele ikibaki nyepesi. Mkono mmoja, na kivuli na mwanga vimepatikana pamoja. Ile mistari ya unyoya niliyosema inazikwa, rangi hii inaitafuta na kuionyesha. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo makubwa ya fani hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza rangi inamtii mchongaji.

Najua chupa hizo hazipo madukani Tanga. Lakini elimu yake ipo. Rangi ya maji ya ukutani tunayoinunua kwa ndoo ni ya ukoo huohuo, na zile za tyubu za akriliki zinapatikana Dar es Salaam kwa wanaouza vifaa vya wachoraji. Ukitaka ijitie kivuli, ichanganye na vanishi ya maji isiyo na rangi mpaka uone kucha yako kupitia kwake, kisha pakaza juu ya nyeupe au kijivu nyepesi. Usiipunguze kwa maji peke yake mpaka iwe kama chai, maana gundi itapungua na rangi itachunika kwa kidole.

Joto letu ni mtihani wake. Saa nane mchana wa Februari rangi ya maji hukaukia kwenye nywele za brashi kabla haijafika kwenye kinyago. Dawa yake ni rahisi. Chukua sahani pana, tandika sponji au kitambaa kilicholowa, weka juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi iweke juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapanda kidogo kidogo na rangi inakaa laini kwa saa nyingi. Kabla ya yote osha mbao kwa maji baridi kama ilikaa karibu na bahari, iache ikauke kivulini, piga msasa laini, paka mkono mwembamba wa kutangulizia. Chumvi iliyobaki ndani ya mbao huvuta unyevu na kuibandua rangi yoyote, ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Nayo ina udhaifu ambao lazima niuseme. Ngozi ya akriliki hulainika kwa joto. Vinyago vilivyopakwa jana, vikafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kupandishwa basi la Dar es Salaam, vitafika vimegandana. Viacheni siku kadhaa vikomae, vipakeni vanishi, na kila kimoja kifungeni kwenye karatasi kavu. Na kwa ngalawa ya mtoto inayogonga mwamba na kusuguliwa na mchanga, rangi ya mafuta bado ni ngumu zaidi. Ushauri wangu ni kwamba sehemu ya ngalawa inayokaa majini iachwe bila rangi, mbao ya mwembe ionekane kama ilivyo. Urembo wote uwe juu, kwenye tanga, mlingoti na mirengu.

Kuna kazi moja ningependa shule zetu ziifanye kwa rangi hizi. Mjini Tanga, katika Boma la zamani la Wajerumani, tuna makumbusho ya Urithi. Watoto wa hapa wanaweza kuijenga Tongoni ndogo kwa udongo na mbao, msikiti na makaburi, na bakuli zake zikiwa mahali pake, kila bakuli ndogo kama punje ya mbaazi, imepakwa nyeupe na buluu. Kazi hiyo haikuwezekana kwa chokaa wala kwa rangi ya baiskeli. Kwa akriliki na brashi nyembamba, mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Namalizia kwa maombi. Wenye maduka, muulizeni anayewaletea rangi kama ina risasi na kiasi gani, na mtake jibu la maandishi. Wanunuzi, tafuteni alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na maneno yanayosema haina risasi, na kwa kitu cha mtoto nunueni rangi ya maji, hasa mnapotaka njano au nyekundu. Mafundi, fungueni madirisha. Mwenye kitanda, mlango au mwanasesere wa zamani anayetaka kukipaka upya asikwangue kikiwa kikavu, maana vumbi lile ndilo sumu. Alowanishe kwa maji, atumie msasa wa maji, akusanye uchafu wote kwenye gazeti, na watoto wawe mbali mpaka pawe pamefutwa kwa kitambaa kibichi. Makopo ya zamani yasiyo na jina, msiwape watoto wachezee, na msiyatie maji ya kunywa.